Kikombe cha Peke Yake

Aghalabu mtu hatangaziwi kwamba ametengwa. Haitwi barazani akasomewa hukumu. Huona tu kwamba kikombe chake kimetiwa alama ya rangi kitakoni, na kwamba hakiwekwi tena pamoja na vingine bali huachwa dirishani. Huona sahani yake ikioshwa mwisho. Watoto waliozoea kumkimbilia sasa huitwa na mama yao kila wanapomsogelea, nao huitwa kwa kazi ambazo hazipo. Siku ya karamu huletewa chakula chumbani, tena kingi na kitamu, na anayekileta husema kwamba wameona vema apumzike asije akachoshwa na kelele za wageni. Hakuna neno baya lililotamkwa. Lakini mwenyewe amekwisha kuelewa, na tangu siku hiyo huwa na maradhi mawili: yale aliyo nayo mwilini, na haya ya pili ambayo nyumba nzima imeshirikiana kumpa.

Maradhi ya mwilini watu huyajua namna ya kuyauguza. Kuna uji, kuna maji ya vuguvugu, kuna dawa za zahanati na saa zake. Haya ya pili hayatambuliwi kuwa maradhi hata kidogo. Mtu akishinda ameelekea ukutani husemwa kuwa ana kiburi. Akikataa kula husemwa kuwa hana shukrani, hasa baada ya gharama zote zile. Akilia husemwa kuwa anajihurumia kupita kiasi, kana kwamba ndani ya nyumba ile kuna mwingine aliyekwisha kumhurumia, yeye akazidisha.

Uganda ni nchi iliyopitia jambo hili kwa uchungu na kwa mapana kuliko nchi nyingi, na yaliyotendeka huko yanafaa kutazamwa kwa makini na majirani. Mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilaya ya Rakai, kando ya Ziwa Viktoria na si mbali na mpaka wa Tanzania, watu walianza kukonda na kufa kwa ugonjwa usiojulikana. Waliuita Silimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, watu waliuita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakiletwa na wafanyabiashara wa magendo. Wengine walisema ni uchawi wa wachuuzi waliodhulumiana. Hayo ni ya kusameheka. Watu walikuwa wakifa na hakuna aliyejua kwa nini, na mtu aliyetenga kikombe mwaka 1983 alikuwa akiogopa gizani.

Lakini kabla miaka ile ya 1980 haijaisha ilikwisha kujulikana waziwazi kwamba virusi vya Ukimwi haviambukizwi kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kupeana mkono, wala kwa kuketi mkeka mmoja. Redio zilitangaza, mabango yalibandikwa, walimu walifundisha. Vikombe vikabaki dirishani vilevile. Yaonekana kwamba ujuzi wa kichwani na ujuzi wa rafu ya jikoni ni mambo mawili, na huu wa pili huchelewa sana kufika.

Miongoni mwa waliokataa kuungoja ufike ni Bibi Noerine Kaleeba. Bibi huyu alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo mjini Kampala. Katikati ya mwaka 1986 alipata habari kwamba mumewe, Christopher, aliyekuwa masomoni katika mji wa Hull huko Uingereza, yu mahututi. Akasafiri kwenda kumwuguza, na huko akaambiwa kwamba ni Ukimwi. Huko pia aliona wauguzi wakimgusa mgonjwa wao bila hofu na kuzungumza naye kama mtu. Walirejea Uganda kabla ya mwaka kwisha, na nyumbani mambo yakawa mengine. Hofu ilikuwa imewaingia hata wale ambao kazi yao ni kugusa wagonjwa. Christopher alifariki Januari 1987.

Mwaka huohuo mjane huyo na wenzake wachache, ambao wengi wao walikuwa wenyewe na virusi, waliunda chama cha kusaidiana, kikaja kujulikana kwa herufi zake, TASO. Yafaa kukumbuka walikuwa na nini mikononi siku hizo. Dawa ya kuzuia virusi hawakuwa nayo. Fedha hawakuwa nazo. Walikuwa na mahali pa kuketi, na chai, na nafuu ile ya kwamba hapana aliyeketi hapo mwenye haja ya kumficha jirani yake kitu. Wengi wa waanzilishi hao walifariki baada ya muda si mrefu. Mtu anayepima mambo kwa chupa za dawa atasema kwamba hiyo haikuwa tiba. Hata hivyo watu walikuja, tena kwa miguu na kutoka mbali, wakiwa na homa na vidonda, ili tu waketi mahali ambapo hakuna aliyevuta kiti chake nyuma walipoingia.

Wote waliofika walipewa jina ambalo halikuwa la kawaida hospitalini. Hawakuitwa wagonjwa; waliitwa kwa neno lenye maana ya wateja. Msomaji aweza kuona neno hilo kuwa la dukani, na kwa kweli ni la dukani. Lakini na afikiri kidogo. Mteja huja kwa hiari yake, husalimiwa, huulizwa anataka nini, na ana haki ya kulalamika asipotosheka. Mtu aliyetengwa amekwisha kupoteza yote manne. Walio karibu naye humwamulia atakula nini, atalala wapi na nani aambiwe habari zake, nao hufanya hivyo wakidhani kwamba huo ndio upendo.

Chama hicho kilikuwa na wimbo na ngoma pia. Waliotengwa walijifunza nyimbo, wakaenda mashuleni na vijijini kuimba na kueleza habari zao. Manufaa ya jambo hili si kwa wasikilizaji peke yao. Mtu ambaye nyumbani alikuwa akipelekewa chakula mlangoni, huku alisimama mbele ya darasa akiwa mwalimu. Ile aibu yake ndiyo iliyokuwa somo, na hakuna mwingine pale aliyelijua kuliko yeye. Wapo wanaodhani kwamba mwenye huzuni huhitaji kupumzishwa tu. Mapumziko mengi mno ni aina nyingine ya kufukuzwa kazi.

Kuhusu kujitangaza lazima lisemwe neno la tahadhari. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Uswidi, alirejea Uganda akatamka hadharani kwamba ana Ukimwi. Wapo waliosema kwamba anadanganya ili ajipatie fedha. Alizunguka nchi akiimba juu ya upweke na hofu ya mgonjwa, akafariki Desemba ya mwaka uleule. Ushujaa wake husifiwa hadi leo, na ni haki. Lakini tangu hapo wako washauri wanaomhimiza kila mtu ajitangaze kama Lutaaya, nao husahau kwamba Lutaaya alikuwa na jukwaa, na jina, na umati uliompenda kabla. Mjane katika shamba la migomba hana jukwaa. Ana mashemeji, nao wamekwisha kuja mara mbili kuhesabu migomba na kutazama bati za paa. Kumtaka aseme habari zake kijijini kabla hajapata hata watu watatu watakaosimama upande wake ni kumtoa uwanjani bila ngao. Siri ni mali ya mwenye siri. Yeye ndiye atakayesema lini, kwa nani, na kwa kiasi gani.

Ugumu wa kusema ulikuwa mkubwa zaidi kwa mama mbele ya watoto wake. Akina mama wa Uganda walio na virusi, ambao walijiunga katika chama chao wenyewe mwaka 1992, walipata njia yenye busara, na miaka ile ya 1990 ilipokuwa ikielekea mwisho njia hiyo ilikuwa imeanza kuenea: kitabu cha kumbukumbu. Mama huchukua daftari akaandika humo kwa ajili ya mtoto wake. Huandika mtoto alizaliwa wapi na siku gani, nani alikuwapo, aliugua nini utotoni, alipenda chakula gani, ukoo wake ni upi, babu zake ni akina nani, baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Hubandika picha kama ipo. Pole kwa pole, ukurasa kwa ukurasa, hufika kwenye ule ukurasa mgumu wa habari za ugonjwa, na mara nyingi mtoto huwa ameketi ubavuni akisaidia kuandika. Wakati daftari hizi zilipoanza, mama aliandika akijua kwamba atakufa. Wengi wamepata dawa tangu siku hizo na wameishi, na mtoto amesoma kitabu huku mwandishi wake akipika chai chumba cha pili.

Dawa zenyewe zilianza kutolewa bure nchini Uganda mwaka 2004. Mtu anayezimeza sawasawa aweza kuishi miaka mingi kama wengine, na virusi vikishuka mpaka visionekane katika vipimo, hamwambukizi mwenzake hata katika ndoa. Hili nalo limethibitishwa na wataalamu. Ingetazamiwa basi kwamba ubaguzi ungekwisha pamoja na vifo. Lakini wako wanaopita zahanati ya kijijini mwao wakapanda basi kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine, wasije wakaonekana kwenye foleni. Wako wanaotoa vidonge katika chupa yake njiani na kuvifunga katika kitambaa, kwa sababu chupa hulia, na sauti ile ya vidonge ndani ya mkoba imekwisha kujulikana na kila abiria. Wako wanaoacha kumeza kabisa kwa sababu mgeni amekuja kulala chumbani mwao kwa juma zima. Hapa ndipo maradhi ya pili yanapoua kwa kuyatumia yale ya kwanza. Dawa ipo, ni bure, inafaa. Kilichokosekana ni chumba ambamo mtu aweza kuimeza akiwa anaonekana.

Je, maradhi haya ya pili yana tiba? Jibu zuri lilipatikana Rakai kwenyewe na wilaya jirani ya Masaka, nalo halikuanza kwa dawa bali kwa swali. Wataalamu waliofika huko hawakuja na jina la ugonjwa. Waliwauliza wanakijiji ni mateso gani ya moyo yaliyoletwa na Ukimwi, nao wakatajiwa mawili kwa Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Neno hili la pili linastahili kuangaliwa. Asili yake ni kumfariji mfiwa, jambo ambalo majirani humfanyia mwenzao. Linapogeuzwa kuwa la mtu kujifanyia mwenyewe, picha inayopatikana ni ya mfiwa aliyekaa peke yake akijipa pole kwa sababu hakuna aliyekuja. Hali hizo mbili zilipolinganishwa na vitabu vya kitabibu zilionekana kukaribiana sana na ugonjwa wa huzuni ambao siku hizi huitwa sonona.

Zikachaguliwa vijiji 30, nusu kwa wanaume na nusu kwa wanawake. Katika baadhi ya vijiji hivyo, watu waliokuwa na huzuni hiyo walikusanywa katika makundi madogo. Waliketi mara moja kwa juma, saa moja na nusu kila mara, kwa majuma 16. Kiongozi wa kundi hakuwa daktari. Alikuwa mwenyeji wa sehemu hizo, wa jinsia moja na wanakundi, mwenye kujua lugha yao, aliyefundishwa kwa majuma mawili. Kila mmoja alieleza hali yake ya juma hilo, kisha wakatafuta pamoja ni jambo gani katika maisha lililofungamana nayo: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, au badiliko kubwa, kama kuwa mjane au kuanza kuugua.

Njia hiyo ilitoka Marekani, na huko ilikuwa na jambo la nne, nalo ni upweke wa mtu asiye na mahusiano na watu. Huko Rakai jambo hilo liliachwa, kwa maelezo kwamba kijijini watu huishi pamoja na kila mtu ana ndugu. Yumkini uamuzi ulikuwa sahihi. Aliyetengwa kijijini hakosi watu. Amezungukwa nao tangu alfajiri, husikia vicheko vyao ukutani, na upweke wake ni wa kuwa katikati yao. Ndiyo maana hatibiwi kwa kuletewa watu wapya, bali kwa kurudishiwa walewale.

Njia ilibidi irekebishwe katika mengine pia. Wageni walizoea kumhimiza mtu amkabili aliyemwudhi na kumwambia wazi. Viongozi wa makundi walieleza kwamba si kila neno husemwa uso kwa uso, hasa mke kwa mume. Ziko njia nyingine zinazoeleweka: kutuma mtu wa makamo aseme, au hata kupika vibaya kwa makusudi, mpaka mume aulize kuna nini. Marehemu naye hasemwi vibaya, kwa hiyo mjane hakutakiwa ataje mabaya ya mumewe. Aliulizwa kwa upole kama ziko siku maisha yalikuwa magumu. Swali hilo lilifungua vinywa ambavyo lile la kwanza lingevifunga.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 wa vijiji vilivyopewa makundi walikuwa na sonona kamili. Baada ya majuma 16 walibaki kati ya 6 na 7. Katika vijiji ambavyo havikupewa makundi walipungua pia, kutoka 94 hadi karibu 55, maana muda nao una kazi yake; lakini tofauti ni ya usiku na mchana. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo ili itumike popote.

Nyumba si kundi la Rakai, na mama wa nyumba hana majuma mawili ya kufundishwa. Lakini kuna mengi ya kuazima. Mtu mmoja wa nyumbani aweza kuchagua saa ileile kila siku, baada ya kazi za jioni, akaketi na aliyetengwa bila kitu kingine mkononi. Asimwulize kwa nini ana huzuni, kwani swali hilo hugeuka kuwa mashtaka. Amwulize nini kimetokea tangu jana. Asimwambie ajikaze. Asimletee habari za wengine walioteseka zaidi. Akinyamaza, naye anyamaze. Robo saa ya kimya cha watu wawili haifanani na kimya cha mtu mmoja. Na kazi arudishiwe, iliyo kazi kweli: kuchambua mchele utakaopikwa leo, kushika hesabu ya maziwa, kuwasimamia watoto katika masomo yao. Watoto wenyewe waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao, kwa maana wanapoitwa kila mara waondoke hujifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kuwafundisha.

Kuna pia dalili ambazo nyumba haipaswi kuzikabili peke yake. Mtu asiyelala kwa siku nyingi, anayesema kwamba watu wangepata nafuu kama asingekuwapo, anayeanza kugawa nguo na vitu vyake bila sababu, huyo apelekwe hospitali mapema na asiachwe peke yake. Dawa za kuulia wadudu wa shambani ziondolewe nyumbani. Tena aulizwe wazi kama anafikiri kujiua. Wengi huogopa swali hilo wakidhani litampa wazo. Halimpi, bali mara nyingi humpumzisha, maana hatimaye kuna mtu aliyethubutu kumwuliza.

Ikumbukwe kwamba hata watu wa makundi ya Rakai na Masaka hawakupewa fedha za kuwaondoa katika umaskini wao, wala wafu wao hawakufufuka. Majuma 16 yalipokwisha na mpango kufungwa, wataalamu walirudi baada ya miezi sita kutazama kama huzuni imerejea. Walikuta nafuu ingalipo. Walikuta pia kwamba mengi ya makundi yalikuwa bado yanakutana, ingawa hakuna aliyeyaagiza.